Kyakimwa na Pikapu Iliyokuwa Ikilia

Watu wa kanisa letu wakimtaja Kyakimwa husema, "yule mama mpole wa Merrylands." Huwa nakasirika. Mpole ni neno la kumpa mtu ambaye hujamwangalia vizuri. Mimi nitawaeleza habari zake kama nilivyoziona kwa macho yangu, maana nikimwachia mume wangu Égide asimulie, atasimulia pikapu tu.

Kyakimwa ni Mkongomani wa Butembo. Alifika Sydney na mumewe Précieux na binti yao Bénie, wakapanga nyumba ya ghorofa ya pili katika jengo la matofali mekundu. Kazi yake ni kuogesha na kulisha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Précieux alikuwa akipakia mizigo kwenye ghala moja Wetherill Park. Sisi ni Warundi, tunakaa St Marys. Kiswahili changu nilikipata Tanzania, kambini, ambako nilikulia na kuolewa, na hicho ndicho kilichonikutanisha na Kyakimwa, yeye na Kinande chake, mimi na Kirundi changu, kila mmoja akiona Kiswahili cha mwenzake kimepinda kidogo.

Sasa pikapu. Égide aliinunua ikiwa kuukuu, gari la otomatiki, rangi imeliwa na jua hata huwezi kusema kama ilikuwa bluu au kijani. Mwanzoni mwa mwaka 2021 giaboksi ikafa. Mtu mwenye akili zake angeiuza vyuma chakavu. Égide yeye alikwenda kwenye uwanja wa magari mabovu, akang'oa giaboksi ya pikapu nyingine ya aina ileile lakini ya mwaka mwingine, akaja kuifunga mwenyewe uani kwetu, amelala chali juu ya kadibodi, mguu mmoja umetokeza nje. Nilimwambia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akanijibu kutoka chini ya gari kwamba giaboksi haina kunguni.

Lazima niseme na hili. Kambini Égide alikuwa fundi baiskeli, na fundi baiskeli wa kambini ana amri moja tu, kwamba kitu kizima hakitupwi. Baiskeli ikifa, mnyororo wake unaendelea kuishi kwenye baiskeli nyingine, pedeli zake kwenye nyingine tena. Hata leo, nyumbani kwangu Australia, kuna kopo la skrubu ambalo siruhusiwi kuligusa. Pikapu ile nayo aliifunga kwa amri hiyohiyo. Kila kilichokuwa kizima kwenye giaboksi iliyokufa alikirudisha kwenye ile mpya.

Pikapu ikatembea, na Égide akatembea kifua mbele. Kisha ikaja baridi ya mwaka huo, na korona ikaja nayo, serikali ikatufungia sisi wa magharibi ya jiji kuliko wengine wote. Helikopta za polisi zilikuwa zikipita juu ya nguo zetu kambani. Kanisa likaanza kupelekea chakula nyumba zilizoshikwa na ugonjwa, na gari mojawapo la kazi hiyo likawa la kwetu. Mimi na Égide tunakaa nyumba moja, kwa hiyo tuliruhusiwa kukaa pamoja garini. Tunapakia unga, mchele, maharage na dagaa, tunaacha mlangoni, tunapiga honi, tunaondoka.

Lakini pikapu ilikuwa imeanza kulia. Mwanzoni ni mlio mwembamba ukikanyaga mafuta. Baadaye ukitia gia, inafikiri kwanza ndipo inashika. Kilimani ikawa inanguruma tu bila kwenda, mpaka ulegeze mguu kwenye mafuta. Kila siku Égide alipima oili ya giaboksi, injini ikiwa moto na inaunguruma, kama inavyotakiwa, na kila siku dipstiki, kile kijiti cha kupimia, kilisema imejaa. Akaanza kuamini kwamba ameuziwa maiti. Usingizi ukampotea, na wangu ukaufuata wake, maana mchuma janga hula na wa kwao.

Précieux alipopata korona kule ghalani, nyumba yote ya Kyakimwa ikafungiwa ndani. Tukawa tunawapelekea chakula. Kila tulipofika, Kyakimwa alisimama kwenye roshani yake na barakoa usoni, na badala ya kutuangalia sisi alikuwa anaangalia gari, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Nilimwambia Égide, "Yule dada kufungiwa kumemzidi." Nilimhurumia kweli.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, mchana. Nyuma ya lile jengo pana maegesho tambarare, na ili utoke lazima upande njia fupi yenye mwinuko mpaka barabarani. Tulishuka vizuri, nikaweka mfuko wa Kyakimwa kwenye ngazi. Kupanda ndiko kulikotushinda. Égide alikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, mlio ukawa mkali wa kutoboa masikio, na gari likarudi nyuma polepole mpaka chini. Akajaribu tena. Likarudi tena.

Nyuma ya pikapu kulikuwa na mzigo wa nyumba moja iliyobaki, ya Mama Niyonsaba wa St Marys. Alikuwa amefungiwa ndani pamoja na wajukuu zake, na jana yake alinipigia simu akasema, bila kulalamika, kwamba unga aliokuwa akisonga ndio wa mwisho. Wenye yale magari mengine mawili ya kanisa walikuwa wagonjwa ndani. Hilo ndilo lililokuwa begani mwetu pale chini. Tusipofika sisi, hafiki mtu.

Égide akatoa simu akampigia mwenye uwanja wa magari mabovu. Nilimsikia akimwambia aje na gari la kuvuta, aichukue pikapu kama chuma tu. Yule akasema atakuja kabla hajafunga. Mume wangu akakata simu, akaweka mkono juu ya boneti. Nimemwona akihama nchi mbili, lakini uso ule sikuwa nimeuona.

Ndipo sauti ikatoka juu.

"Papa Belyse! Usiache babebe ile gari! Ile boîte haijakufa!"

Belyse ni binti yetu, na Kyakimwa hajawahi kutuita kwa majina mengine. Égide akainua macho.

"Mama Bénie, asante. Lakini mambo ya giaboksi utayajulia wapi?"

"Mambo ya boîte sijui. Mi najua sauti. Ile gari naisikia toka siku ya kwanza, inalia. Gari ya kufa hailie hivi."

Kisha akatupigia kelele kutoka ghorofa ya pili habari za baba yake, na majirani wakatoka kwenye roshani zao kusikiliza lugha wasiyoijua. Baba yake alikuwa akitengeneza malori Butembo, yale yanayoshuka na mizigo kwenye njia za matope, na magari ya otomatiki ya wafanyabiashara. Miaka ya kuishi karibu na injini ikamla masikio. Akawa kiziwi kabisa, na fundi kiziwi hana kazi. Basi akawa anamkalisha binti yake kando ya gari, na binti ndiye anayesikia na kumwonyesha kwa mikono, inagonga, inakwaruza, inapiga mluzi, iko mbele, iko nyuma. Spana hakumruhusu kushika hata siku moja. Mafundi wengine wa mtaani walicheka, wenye magari wakayapeleka kwingine, kisha wakayarudisha.

"Mi sikukuwa mécanicien," akasema. "Mi nilikuwa masikio ya papa."

Nilimtazama Égide. Alikuwa mtu aliyekwisha kuita gari la kuvuta. Hakuwa na la kupoteza tena ila fahari yake, na hiyo nilikuwa tayari kumsaidia kuipoteza. Akawasha injini.

Kyakimwa alianza na oili. Égide akachomoa dipstiki, akaifuta, akairudisha, akaitoa, akasema imejaa, kama kawaida.

"Sikuuliza kama imejaa. Inanuka namna gani? Imeungua?"

Akanusa. "Haijaungua. Ni nyekundu, safi."

"Basi ndani hamukuungua kitu. Mama Belyse, ingia wewe. Tia ya nyuma."

Nikatia. Ikafikiri, ikashika. Nikatia ya mbele. Ikafikiri vilevile. Nikashusha mpaka gia ya chini kabisa. Vilevile. Nilipomwambia, akaitikia kwa kichwa kwa namna ya mtu anayesikia habari anazozijua. Baba yake, akasema, alikuwa na neno. Gia moja ikiugua, tafuta gia hiyo. Zikiugua zote pamoja, tafuta kinacholisha zote.

Akatuamuru nirudishe P, ile ya kuegeshea, nivute handibreki, tuweke mawe pande zote za tairi. Kisha akaingia ndani, akatoka na mwiko, ule mrefu wa kusongea ugali, akautupa. Ulianguka karibu na mguu wangu. Mwiko wa nyumba yenye korona! Niliumwagia dawa ya mikono mpaka ukang'aa.

"Papa Belyse, weka kichwa ya mwiko pale mbele, boîte inapokutana na moteur. Huku kwingine weka sikio."

Mume wangu hajawahi kushika mwiko tangu tuoane. Kwao mwanamume akishika mwiko watu hutafuta mganga. Siku hiyo aliingia chini ya gari mbele ya macho ya Merrylands nzima, na mwiko sikioni. Upande wa pili kulikuwa na mama mmoja wa Kiarabu aliyekuwa akinywa chai kwenye roshani yake. Akakiweka kikombe chini.

"Inalia namna gani?" akauliza Kyakimwa.

Égide akabana sikio zaidi kwenye mwiko. "Kama mtoto anayenyonya chupa iliyokwisha."

Kyakimwa akapiga makofi. "Ee! Ndiyo ile! Pompe inanyonya hewa!"

"Hewa itoke wapi? Oili imejaa!" Égide akatoka chini ya gari, akaishika dipstiki juu kama anamwonyesha hakimu. "Imejaa! Mimi kila siku napima!"

Nilimwambia kwa Kirundi anyamaze. Kyakimwa hakukasirika. Yeye juu alikuwa anaona kitu ambacho sisi tulikizoea hata hatukukiona tena, akakielekezea kidole ndani ya pikapu, nyuma ya gunia la mchele.

"Zile chupa mbili za huile, zilibakia juu ya nini? Sababu gani?"

Égide akajibu kwa majivuno, maskini. "Nilinunua za kutosha giaboksi nzima. Hii ikajaa mapema, nikaokoa mbili."

"Na kile kijiti cha kupima? Kilikuja na hii boîte?"

Mume wangu akaushusha mkono aliouinua. Akaiangalia dipstiki mkononi mwake. Alipojibu, sauti ilikuwa ndogo.

"Ile ya zamani ilikuwa nzima."

Amri ya kambini! Giaboksi ilikufa, yeye akachukua dipstiki yake na bomba lake, kwa sababu vilikuwa vizima na kitu kizima hakitupwi, akavifunga kwenye giaboksi ya mwaka mwingine, yenye kina kingine. Nilishindwa kujizuia.

"Égide, umempimia mtu mzima nguo kwa kipimo cha marehemu."

Alicheka. Nampendea hilo. Mwanamume mwingine angenuna mpaka Pasaka.

Mimi nilidhani sasa ni kumimina tu zile chupa mbili twende zetu. Kyakimwa alikataa kabisa. Oili ikizidi inafanya povu, akasema, na hapo ndipo giaboksi itakufa kweli. Kwanza ijulikane alama ya haki iko wapi. Akamwambia Égide azime injini, aache ipoe, afungue sampo, lile sinia la chini linalobeba oili. Beseni hatukuwa nalo, ila lilikuwemo jipya kwenye mzigo wa Mama Niyonsaba. Hadi leo mama yule hajui kwa nini beseni lake lina rangi ya waridi.

Sampo ilipotoka, Égide akaisukuma dipstiki ndani ya bomba lake, akachungulia kutoka chini. Kyakimwa alimwambia atafute alama ya juu, ile ya kujaa, imefika wapi. Kwa baba yake, alama ile ilitakiwa kukaa karibu na mdomo wa sampo, pale boliti zinapofungwa.

"Iko vidole vinne chini ya mdomo," Égide akasema. Kisha akasema tena, polepole, "Vidole vinne."

Maana yake ni kwamba siku zote hizo kijiti kilipotuambia imejaa, oili ilikuwa imelala chini kabisa, na gari likiinama tu mlimani inakimbilia upande mmoja, pampu inabaki inanyonya hewa. Giaboksi ilikuwa nzima. Ilikuwa na njaa, na sisi tulikuwa tunabeba chakula chake nyuma ya gunia la mchele.

Égide akachora alama mpya kwenye dipstiki kwa ncha ya msumari, akafunga sampo. Tukachuja oili kwa kitambaa safi tukairudisha, kisha chupa ya kwanza. Injini ikawashwa. Nikapitisha mkono wa gia polepole mahali pote, nikarudisha P. Tukapima. Chupa ya pili, kidogo kidogo, mpaka ikagusa mchoro wa msumari.

Sikugundua mlio ulipokwisha. Nilichoona ni Kyakimwa. Alikuwa ameinua mkono, kama mtu kanisani anayeomba wengine watulie, na macho ameyafumba. Hapo nikasikiliza na mimi. Ilikuwa inaunguruma tu, injini ya kawaida ya gari kuukuu.

"Imeshiba," akasema.

Nikakaa pembeni, Égide akashika usukani. Alitia gia, na gari halikufikiri. Lilipanda ule mwinuko na magunia yake yote bila kelele, kama linakwenda kazini. Nikatoa kichwa dirishani nikapiga vigelegele, na kutoka upande wa pili yule mama wa Kiarabu akanijibu kwa vya kwao, virefu kuliko vyangu. Pale juu barabarani tukakutana uso kwa uso na gari la kuvuta. Égide akateremsha kioo, akavuta barakoa ikae sawa.

"Sorry, mate," akamwambia. "She's good."

Mama Niyonsaba alipata mzigo wake kabla ya jua kuzama. Alisema dagaa walikuwa wadogo.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Kyakimwa kumshukuru, naye akageuza mazungumzo, akauliza habari za Belyse. Ndiyo sababu wanamwita mpole. Lakini mimi niliona fahari siku ile mpaka ikanichoma kifuani, fahari ya kumjua. Na ya mume wangu pia, kwa sababu kusikia ni kazi yake Kyakimwa, lakini kukubali kusikilizishwa mbele ya watu, na mwiko sikioni, si kazi ndogo kwa mwanamume wa kwetu.

Amri zilipolegezwa, majira ya joto yakianza, Kyakimwa alikuja St Marys na Précieux aliyekuwa amepona, na Bénie. Watu walikuwa wamekwisha kumshauri Égide anunue dipstiki inayostahili. Alikataa. Baada ya chakula akaweka jiliwa mezani uani, akaibana dipstiki ile, akachukua msumeno wa chuma, akamkabidhi Kyakimwa.

"Mchoro wa msumari utafutika. Kata wewe, Mama Bénie. Ni alama yako."

Kyakimwa alirudisha mikono nyuma. "Papa hakuniachiaka kushika kitu. Alisema mikono itaharibika."

"Baba yako hayupo hapa," nikamwambia. Nina mdomo, najijua.

Akashika msumeno. Alikata taratibu, ulimi umetokeza kidogo, mpaka chuma kikawa na mfuo ambao hata mtu wa macho mabovu angeuhisi kwa ukucha. Alipomaliza, vidole vilikuwa vyeusi kwa oili ya zamani. Bénie alikuwa mlangoni.

"Mum, your hands!"

"Najua," akasema Kyakimwa. "Leta simu. Unipige picha ya mikono."

Picha ile aliituma Butembo. Kiziwi humpigii simu, lakini macho anayo, na kaka yake Kyakimwa humwandikia baba maneno kwenye karatasi. Chini ya picha aliandika sentensi moja tu, kwamba kulikuwa na gari la otomatiki, lilikuwa linalia kama mtoto anayenyonya chupa iliyokwisha. Hakueleza zaidi. Tukanywa chai.

Jibu likaja kwa ujumbe wa sauti. Mzee alikuwa anapiga kelele kama wanavyofanya wasioisikia sauti yao, kwa Kinande, hata Précieux akacheka. Kyakimwa akanitafsiria.

"Anasema, pompe inanyonya hewa. Anasema, mtazame kijiti kama ni cha boîte ile." Akafuta macho kwa mkono, na oili ikabaki shavuni. "Anasema, nani alisikia? Kisha anajijibu mwenyewe. Anasema, ni mimi, binti yake."

Akaiweka tena sauti ile tangu mwanzo, akaisikiliza na kichwa chake upande.